Kati ya kizimba na wodi: barua ya wazi kuhusu mafunzo tunayoyakosa Kanda ya Ziwa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria, Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia, Mheshimiwa Jaji Mkuu, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na wakuu wa vyuo vikuu vya Mwanza.

Waheshimiwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, na wengine nawasalimu kwa heshima ya nafasi zenu. Mimi ni afisa ustawi wa jamii mstaafu. Nimefanya kazi hii miaka 28, mingi katika hiyo hapa Kanda ya Ziwa, na imenifikisha mahali ambapo watu wengi hawapendi kufika: mahabusu za polisi, magerezani, kwenye korido za mahakama, na wodi za magonjwa ya akili. Ombi langu ni moja. Anzisheni hapa Mwanza shahada ya uzamili ya ushauri nasaha wa afya ya akili kwa ajili ya mahakama, magereza na polisi, na wakati mnaianzisha, tengenezeni kabisa nafasi za kazi kwa watakaohitimu.

Kabla sijaeleza kwa nini, lazima niseme nilichokifanya mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa gerezani kuonana na binti aliyetoka kisiwani. Alikuwa ameshtakiwa kwa kumuua mtoto wake wa siku tisa. Jalada la polisi lilisema ana miaka 19. Mama yake mzazi alishikilia kwamba ana 17, kwa sababu alimzaa mwaka uliofuata mvua za El Nino. Ndiyo maana nikaitwa: nisaidie kuupata umri wake, niandike na hali ya nyumbani kwao.

Siku ya kwanza hakufungua mdomo. Siku ya pili nilimpelekea sabuni na mafuta ya kujipaka, tukakaa chini ya mwembe, askari wa kike akiwa hatua chache kutoka tulipo. Nikamwambia, "Mwanangu, sema tu. Haya yatabaki kati yangu na wewe." Akanitazama muda mrefu, kisha akasema. Alisema jinsi alivyoificha mimba kwa kujikaza na kanga mpaka mwezi wa saba. Alisema baba wa mtoto alikuwa mvuvi wa kupita, dago, yaani kambi ya wavuvi, lilipovunjwa naye akaondoka. Alisema usiku ule alingoja wa nyumbani walale ndipo akatoka na mtoto kuelekea ziwani. Halafu, kwa sauti ya chini sana, akasema: "Mama, nilikuwa na siku nne sijalala. Mtoto akilia nawasikia wawili, mmoja mgongoni na mmoja majini. Yule wa majini ndiye aliyekuwa wangu."

Nilirudi ofisini nikaandika taarifa. Niliandika kwamba aliificha mimba. Niliandika kwamba alingoja watu walale. Maneno ya mtoto wa majini sikuyaandika. Niliyaona ni hadithi za kishirikina za visiwani, na nilidhani namsitiri nisipoyaweka mbele ya watu wasomi.

Taarifa ile iliposomwa, wakili wa Serikali alizishika zile sentensi mbili, kuficha mimba na kungoja watu walale, akazijengea hoja ya kukusudia. Binti alikuwa kizimbani. Hakulia. Alinitazama tu, nami nikakumbuka nilivyomwambia kwamba yatabaki kati yangu na yeye.

Waheshimiwa, mama aliyejifungua juzi, asiyepata usingizi siku nne mfululizo, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii na kuamini kwamba mtoto aliyembeba si wake, ana dalili ambazo kila mwanafunzi wa afya ya akili anapaswa kuzitambua. Ni wazimu unaotokea baada ya kujifungua. Huwapata akina mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza. Unatibika. Na sheria yetu inautambua muda huo: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu tulichokizoea kwa namba 199, inasema mama aliyesababisha kifo cha mtoto wake wa chini ya miezi 12, akili yake ikiwa imeyumba kwa sababu hajarudi sawa baada ya uzazi au kwa sababu ya kunyonyesha, asihukumiwe kama muuaji wa kukusudia. Huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Kwa mtu mzima, tofauti ya makosa hayo mawili ni tofauti kati ya kunyongwa na kuishi. Nami, bila kujua, nilikuwa nimeiacha nje ya karatasi sentensi pekee iliyombeba.

Baadaye wakili aliyepangiwa kumtetea alizungumza naye, akasikia habari ya siku nne bila usingizi, akaiomba mahakama apelekwe akachunguzwe. Akapelekwa. Lakini miezi mingi ilikuwa imepita, akili ilikuwa imetulia yenyewe kama inavyotokea mara nyingine, na daktari akaandika alichokiona: mwanamke mwenye akili timamu. Aliandika kweli. Kilichokuwa kigumu tena kupatikana ni kweli ya usiku ule, kwa sababu mtu wa kwanza aliyeisikia alikuwa mimi, na sikuihifadhi. Hatima ya kesi siiandiki hapa. Yule binti yupo, ana maisha yake, na ana haki ya kuachwa kwa amani.

Nimeyasema haya hadharani kwa sababu sikuwa mtumishi mvivu wala mwenye roho mbaya. Nilimpenda yule binti. Nilikuwa na diploma, nilikuwa na uzoefu, nilikuwa na huruma. Nilichokosa ni mafunzo, na nilikosea mara mbili katika kikao kimoja: niliahidi siri nisiyokuwa na uwezo wa kuitunza, na nikachagua cha kuandika na cha kuacha bila kujua kipi ni dalili. Makosa yote mawili ni mambo ya kufundishwa darasani muhula wa kwanza, kama lingekuwepo darasa.

Mshauri nasaha wa kawaida ana mtu mmoja wa kumtumikia, yule aliyekaa mbele yake. Ukienda kwake na ndoa yako au msiba wako, anachokisikia anakitunza. Mshauri anayefanya kazi ya mahakama ana wawili. Yupo mtu aliyekaa mbele yake, na ipo mahakama inayongoja taarifa. Kwa hiyo neno lake la kwanza, kabla hata ya kuuliza jina, linapaswa kuwa la namna hii: "Mimi nimetumwa na mahakama. Sikuja kukutibu. Utakachoniambia naweza kukiandika, na hakimu atakisoma. Una haki ya kutonijibu." Ni maneno magumu kumwambia mtu mwenye hofu, hasa kwetu ambako mkubwa akiuliza, mdogo hujibu. Yanahitaji mazoezi. Yanahitaji mtu aliyeyasema mara mia akiwa na msimamizi pembeni anayemsahihisha. Na anayemtibu mfungwa asiwe ndiye anayemwandikia taarifa ya mahakama, kwa sababu mgonjwa hawezi kumfungulia moyo mtu ambaye kesho atatoa ushahidi juu yake. Mimi nilikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, kwa kuwa nilikuwa peke yangu.

Jambo la pili linalohitaji kufundishwa ni kwamba mahakama huuliza maswali mawili ambayo sisi wa nje huyachanganya. La kwanza: je, huyu mtu leo anaelewa ameshtakiwa kwa nini, anaweza kumweleza wakili wake, anaweza kuifuata kesi? La pili: je, siku ile, saa ile, alijua anachokifanya, alijua kwamba hakipaswi kufanywa, aliweza kujizuia? Mtu anaweza kuwa mzima leo na alikuwa mgonjwa siku ile. Anaweza kuwa mgonjwa leo, ameharibikia mahabusu, na siku ile alikuwa na akili zake zote. Swali la pili ndilo gumu, kwa sababu linajibiwa na mashahidi wa usiku mmoja: nani alimwona, alikula nini, alikuwa hajalala siku ngapi, alishaanza kuongea peke yake lini. Habari hizo zinaoza haraka kama dagaa wasioanikwa. Anayepaswa kuzikusanya lazima afike mapema, kijijini, mwaloni kwa wavuvi, nyumbani, ajue anauliza nini.

Najua mtasema kazi hiyo kisheria ni ya daktari, na ni kweli. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai, Sura ya 20, katika kifungu ambacho mawakili wamezoea kukiita cha 220, inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mshtakiwa apelekwe hospitali ya magonjwa ya akili, na inampa daktari mfawidhi siku 42 kuandika taarifa. Simwombei mshauri nasaha kiti cha daktari bingwa. Lakini tuziangalie hizo siku 42. Zinaanza kuhesabiwa mtu akishapokelewa. Siku za kungoja gari, askari wa kumsindikiza na nafasi ya kitanda hazimo. Kwa miaka mingi watu wetu wamekuwa wakipelekwa Isanga, Dodoma, taasisi iliyo pamoja na Hospitali ya Mirembe ambayo inapokea wagonjwa tangu mwaka 1927. Kutoka hapa ni zaidi ya kilomita 600. Daktari wa Isanga anampokea kijana wa Ukara au wa Kwimba akiwa na karatasi ya amri na muhtasari wa mashtaka. Ndugu hawapo. Jirani hayupo. Mganga aliyemtibu miaka miwili kabla hayupo. Afanye nini ndani ya siku 42? Angekuwa amepokea pamoja na mtu yule historia iliyokusanywa na mtaalamu aliyefunzwa, iliyoandikwa mapema, yenye maneno ya ndugu kama walivyoyasema, kazi yake ingekuwa tofauti kabisa.

Na kuna kazi nyingi ambazo daktari hatazifikia hata angekuwa na mikono minne. Usiku wa kwanza mahabusu ni usiku wa hatari kwa mtu aliyezidiwa na aibu. Nani anamkagua kama anafikiria kujidhuru? Mtoto asiyezidi miaka 14 ambaye anatakiwa kuahidi mbele ya hakimu kwamba atasema ukweli na hatasema uongo, huku aliyemuumiza amekaa hatua nne kutoka kwake. Nani anamwandaa bila kumfundisha maneno ya kusema? Kumwandaa shahidi na kumkaririsha ni vitu viwili mbalimbali, na nimewaona watu wema wakivuka mpaka huo bila kujua, kesi ikaanguka, mtoto akarudi nyumba ileile. Wapo wanaume waliofungwa kwa makosa ya ubakaji wanaomaliza miaka yao na kurudi mtaani bila mtu hata mmoja kuwahi kukaa nao kuzungumzia walichokifanya. Wapo wanaotumikia adhabu nje ya gereza chini ya Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, wanaofagia zahanati na kulima mashamba ya shule, na kilichowafikisha mahakamani ni gongo. Kufagia hakutibu gongo. Maafisa wa Huduma za Uangalizi wanalijua hilo, na wamenilalamikia mara nyingi kwamba hawana pa kuwapeleka.

Sizungumzii hata wale waliojaribu kujiua, ambao Kanuni ya Adhabu inawahesabu kuwa wametenda kosa. Anatolewa wodini na kuingizwa kituo cha polisi, na karatasi ndefu kuliko zote alizopewa ni hati ya mashtaka.

Sasa kwa nini Mwanza, na siyo kuongeza wanafunzi Dar es Salaam? Muhimbili wanafundisha saikolojia tiba kwa ngazi ya uzamili, na ninawaheshimu waliopita pale. Wachache niliofanya nao kazi walikuwa mwanga. Lakini kazi hii haifundishiki mbali na watu wake.

Chukueni neno masamva, yaani mizimu ya ukoo. Msukuma akikwambia masamva wamemjia, wamemwambia arudi kwa babu akafanye tambiko, huyo si lazima awe mgonjwa. Mizimu ya ukoo kuzungumza na mtu katika ndoto, au kwa njia ya mfumu, yaani mganga wa jadi, ni sehemu ya maisha ya nyumba nyingi kuanzia Magu mpaka Sengerema, na mtu huyo anaweza kuwa ndiye mwenye busara kuliko wote katika boma. Mtaalamu asiyejua atamwandikia ugonjwa. Na kinyume chake kipo: kijana anaanza kuugua kweli, anasema masamva wanamwita, ndugu wanaridhika na maelezo hayo miaka mitatu, na siku anapomkata mtu panga ndipo watu wanasema alikuwa na shida. Wanaoweza kutenganisha hayo mawili ni ndugu wenyewe, wakiulizwa vizuri, kwa Kisukuma, na mtu anayejua kwamba ndoto ya tambiko ina mpangilio wake na maneno yake, na kwamba sauti za ugonjwa hazina. Wazee wanajua. Bibi mmoja wa Misungwi aliwahi kuniambia, "Masamva hawamkatazi mtu kuoga." Mjukuu wake alikuwa hajaoga miezi miwili. Sikuwahi kupata kipimo kizuri kuliko hicho.

Halafu kuna jambo ambalo kanda yetu imelibeba kwa aibu. Vikongwe wetu wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa kupikia miaka 50. Wenye ualbino wamewindwa. Vijana walioletwa mahakamani kwa mauaji hayo wengi wao hawakuwa wagonjwa wa akili, na ni lazima tuseme hivyo waziwazi, kwa sababu imani inayoshirikiwa na kijiji kizima haiwi ugonjwa wa mtu mmoja. Walikuwa wamepigiwa ramli chonganishi, wakaamini, wakaua, wengine kwa malipo. Lakini miongoni mwao amewahi kuwepo mmoja ambaye hakuhitaji mpiga ramli. Yeye alikuwa anamwona bibi wa jirani akipita ukutani tangu akiwa na miaka 20, na wenzake watatu walimtumia. Kumtambua huyo mmoja katikati ya wanne, bila kuwapa wale watatu kichaka cha kujifichia, ni kazi ya kitaalamu hasa. Wapo pia wanaojifanya wagonjwa wakisikia kwamba kichaa hafungwi. Kuna njia za kuwabaini, na zinafundishwa. Hakimu hapaswi kuachwa akisie kwa kumtazama mtu usoni.

Huko Marekani fani hii ina shahada yake kamili. Chuo cha John Jay, New York, ambacho kazi yake ni masomo ya haki jinai, kinatoa shahada ya uzamili ya ushauri wa afya ya akili wa kimahakama yenye uniti 60. Kilichonigusa zaidi si madarasa. CACREP, chombo kinachoithibitisha mitaala ya ushauri nasaha nchini humo, hudai kila mwanafunzi afanye saa 100 za mazoezi ya awali, kisha saa 600 za kazi halisi, na katika hizo 600, 240 ziwe za kukaa na watu ana kwa ana. Jimbo la New York halimpi mtu leseni mpaka amalize saa nyingine 3,000 chini ya msimamizi baada ya shahada. Elfu tatu! Mimi nilipewa meza, faili na safari ya boti kwenda kisiwani.

Siombi mtaala huo unakiliwe. Vipimo vyao vimesanifiwa kwa watu wao, kwa lugha yao, na dodoso lenye kuuliza habari za lifti na bima halimpimi mvuvi wa Goziba. Mahakama zao zina baraza la raia wanaoamua hatia. Zetu zina hakimu au jaji anayesoma taarifa yako mwenyewe, kwa hiyo taarifa zetu zinapaswa kuandikwa kwa namna nyingine. Ninachoomba tukichukue kwao ni zile saa. Mwanafunzi asipewe shahada kwa mtihani wa kuandika peke yake.

Na saa hizo zinapatikana hapa, kwa umbali wa daladala moja au mbili. Juu ya mlima wa Bugando kuna hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili, na chuo kikuu cha afya kipo palepale. Malimbe kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kinachofundisha sheria. Butimba kuna gereza kuu. Mjini kuna Mahakama Kuu Kanda ya Mwanza, na tangu 2021 tunacho Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambamo ngazi kadhaa za mahakama na wadau wake wamewekwa chini ya paa moja. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 3,699,872 katika mkoa huu peke yake, bila Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga wala Kagera, ambao wote hutazama Bugando magonjwa yakiwa mazito. Jiji moja lenye hospitali ya kufundishia, kitivo cha sheria, gereza kuu na mahakama kuu tayari lina kila kitu isipokuwa uamuzi wa kuvikutanisha.

Najua vyuo viwili kukubaliana si jambo dogo. Kila kimoja kina seneti yake na kiburi chake. Naomba wakuu wa vyuo mkae, wa afya mlete magonjwa na tiba, wa sheria mlete ushahidi na mwenendo wa kesi, na mwanafunzi akae madarasa yote mawili. Naomba pia mahakimu walioko kazini wafike darasani mara moja kwa muhula wamwambie mwanafunzi jinsi taarifa mbaya inavyoonekana kutoka kwenye kiti chao. Hakimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba taarifa zetu za ustawi zilikuwa "nzuri kama barua za kuombea mtu kazi". Aliniumiza, na alikuwa sahihi.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, pamoja na wenzako wa Utumishi, hapa ndipo mtakapoamua kama shahada hii itaishi au itakufa. Bila muundo wa utumishi wenye jina la kazi hiyo, mhitimu atapangiwa kuwa mshauri wa upimaji wa virusi vya UKIMWI kwenye kituo cha afya, au atarudi kufundisha sekondari. Nimeshawaona vijana wenye shahada nzuri za saikolojia wakiuza laini za simu pale Makoroboi. Anzeni na nafasi chache tu: mmoja Butimba, mmoja Mahakama Kuu, mmoja Bugando wa kusimamia wanafunzi, mmoja wa kuzunguka visiwani. Na katika mafungu yenu msisahau nauli ya boti. Nimekosa kesi tatu kwa sababu ya nauli ya boti.

Mtaniambia nchi haina hata madaktari wa akili wa kutosha, iweje tuanze na washauri. Hoja hiyo naiheshimu, lakini nimeisikia tangu nikiwa kijana. Daktari bingwa mmoja huchukua miaka tisa au zaidi kutoka aanze chuo. Mhitimu wa saikolojia, ustawi wa jamii, uuguzi wa akili au sheria aliyeko mtaani leo anahitaji miaka miwili ya uzamili na mwaka mmoja wa kusimamiwa. Huyo akiwepo, daktari tuliye naye anaacha kutumia saa zake kutafuta namba za simu za ndugu. Mwaka 2023 Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipewa kazi ya kuangalia namna ya kuboresha taasisi za haki jinai, na tangu hapo neno mageuzi limekuwa mdomoni mwa kila kiongozi wa sekta hiyo. Wakati huu, basi, mlango uko wazi kuliko nilivyowahi kuuona katika utumishi wangu wote.

Sheria ya Afya ya Akili tumekuwa nayo tangu 2008. Vifungu vya kumlinda mshtakiwa mgonjwa vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuvitembeza kutoka kwenye kitabu mpaka chini ya ule mwembe wa gerezani, anayejua aseme nini kwanza na aandike nini baadaye.

Mimi umri umekwenda na magoti yananisumbua, lakini naishi Nyegezi, na kufika Malimbe ni karibu. Siku mtakapowapokea wanafunzi wa kwanza, naomba nipewe saa moja tu ya kukaa nao. Taarifa niliyoiandika kuhusu yule binti bado ninayo nakala yake, majina nimeyafuta kwa wino mweusi. Ningependa waisome mbele yangu, kisha waniambie ni wapi palipotakiwa kuandikwa habari ya mtoto wa majini.

Wenu katika utumishi,
Afisa ustawi wa jamii mstaafu
Nyegezi, Mwanza